Homa wiki saba, eksirei safi: mzee apigwe picha ya mwili mzima?

*Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Makorora, Tanga. Hii ni wiki ya saba ana homa. Inapanda jioni, na usiku anatoa jasho mpaka tunabadilisha shuka. Amepungua sana. Alipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka ikaonekana, akatumia dawa mseto. Baada ya wiki mbili akapimwa tena bado ipo, akachomwa sindano. Kisha tukaambiwa taifodi, akapewa dawa mara mbili za aina tofauti. Duka la dawa wakamwongezea prednisolone, akapata nafuu siku chache, homa ikarudi. Eksirei ya kifua safi, altrasaundi wameandika ini limekua kidogo. VVU hana. Ana sukari, anatumia metfomini. Mgongo nao unamsumbua ila huo ni uzee. Hali chakula, anakunywa maziwa tu ambayo shemeji analeta kutoka Muheza. Ndugu yetu wa Dar anasema tumpeleke kwenye kipimo kinachoangalia mwili mzima kwa mara moja, hata ikibidi Nairobi, tuuze kiwanja cha Pongwe. Je, kitaonyesha ugonjwa? Na kuna mjukuu wa mwaka mmoja analala naye, mionzi haitamdhuru?*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote hapo nyumbani. Nianze na kiwanja, maana najua ndicho kinachowanyima usingizi: msikiuze bado. Kipimo anachokisema ndugu yenu kipo kweli, kinaitwa PET, na wapo wagonjwa wa homa sugu waliopata jibu kwa njia hiyo baada ya kila kitu kushindikana. Lakini baba yako hajafika hapo. Kuna mambo matatu kwenye barua yako umeyapitia haraka haraka, yaani mgongo, maziwa ya Muheza na zile prednisolone. Mimi nimesimama hapo hapo, kwa sababu kila moja linabadilisha ni picha gani ipigwe na lini.

Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, Petersdorf na Beeson, waliweka kigezo cha homa isiyojulikana chanzo: joto linalozidi 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki tatu, na chanzo kisijulikane hata baada ya wiki nzima ya uchunguzi hospitalini. Kigezo kimerekebishwa baadaye, ila kiini chake ni kile kile. Kwa upande wa wiki baba amepita. Kwa upande wa uchunguzi hajaanza. Ukiitazama orodha yako utaona kwamba kilichofanyika kwa wiki saba ni matibabu juu ya matibabu, na vipimo vichache vilivyowekwa katikati.

Chukua malaria. Kipimo cha haraka tunachotumia nchini hunasa protini ya kijidudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu wenyewe kufa. Kwa hiyo kile kipimo cha pili kuonyesha malaria siku kumi na kitu baada ya dawa mseto hakithibitishi chochote. Alipaswa kupimwa kwa darubini. Taifodi nayo, kama ilitokana na kipimo cha Widal peke yake, mimi siihesabu. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye homa nyingine kabisa, anaweza kuonyesha majibu yale yale. Utafiti uliofanywa Moshi na kuchapishwa 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Baadhi ya waliobaki walikuwa na mambo ambayo hapa Tanga hatuyataji sana: bakteria kwenye damu, homa ya mgunda (ile leptospirosisi), homa ya maziwa (ile bruselosi), homa za kupe. Moshi si Tanga, malaria huku kwetu pwani ni nyingi zaidi. Hata hivyo tabia yetu ya kuandika malaria na taifodi kwa kila mwenye joto ni ile ile.

Sasa picha. Jambo ambalo ningependa ndugu yako wa Dar alisikie ni kwamba picha inaonyesha mahali ugonjwa ulipo, na mara chache sana inataja ni ugonjwa gani. Tuseme CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, imekuta tezi zimevimba kandokando ya mshipa mkuu wa damu tumboni. TB inafanya hivyo. Limfoma, ile saratani ya tezi, inafanya hivyo hivyo. Kwenye PET zote mbili zinawaka. Hakuna mtaalamu wa picha, awe Bombo, Muhimbili au London, atakayekuambia kwa uhakika ni ipi kwa kuangalia tu. Lazima iingie sindano, kitoke kinyama, kiende maabara. Familia nyingi humaliza fedha zote kwenye picha, wanarudi nyumbani na karatasi ndefu, na hela ya kuchukua kinyama hakuna. Mkipanga bajeti, pangeni picha na sindano pamoja.

Na picha haifanyi kazi peke yake. Fomu nyingi zinazofika chumba cha altrasaundi zimeandikwa "homa", basi. Mpimaji anapita kwenye ini, nyongo, figo na kibofu, anaandika ini limekua kidogo, anaita mgonjwa anayefuata. Simlaumu, nje kuna foleni. Lakini mtu huyo huyo, kwa mashine hiyo hiyo, akiandikiwa "homa wiki saba, jasho la usiku, amepungua, ana sukari, tunatafuta TB ya nje ya mapafu au limfoma", atapima tofauti kabisa. Ataweka kifaa kwenye chembe ya moyo na kukielekeza juu, atazame kama kuna utepe mweusi wa maji unaouzunguka moyo. Atapanda ubavuni pande zote mbili kutafuta maji juu ya kiwambo, hata kidogo ambacho eksirei haikukiona. Kisha atabadilisha kifaa, achukue kile cha picha za karibu, apite taratibu kwenye bandama akitafuta vidoa vyeusi vya milimita chache. Mwisho atakandamiza tumbo kusogeza gesi ili azione tezi za nyuma. Utaratibu huu ulibuniwa kwa ajili ya wenye VVU ambao TB yao imejificha nje ya mapafu, lakini macho hayo hayo yanamfaa baba. Hauna mionzi na haumalizi hata nusu saa. Kwa hiyo altrasaundi yake irudiwe, na safari hii fomu iwe na maneno.

Usije ukaidharau altrasaundi kwa sababu ni ya bei nafuu. Jipu la ini la amiba, ambalo ni moja ya vyanzo vya homa vinavyosahaulika huku pwani, altrasaundi inalikuta mara nyingi bila shida. Kwa kawaida ni moja, upande wa kulia, na likivutwa kwa sindano hutoka usaha wa kahawia kama chokoleti iliyoyeyuka. Pale mgonjwa alikuwa anahangaika wiki nzima, na siku chache za dawa sahihi zinamwinua. Lipo jambo moja tu: jipu changa linaweza lisionekane vizuri. Ini lililoandikwa limekua kidogo safari ile linastahili kuangaliwa upya leo.

Eksirei ya kifua nayo irudiwe, kwa sababu hiyo hiyo. TB iliyosambaa kwa njia ya damu huweka vipunje vya milimita moja au mbili mapafu yote mawili, na vipunje hivyo huchelewa kuonekana. Mgonjwa anaweza kuwa na homa na jasho wiki kadhaa huku filamu ikisomwa safi. Baba ana sukari, na mtu wa sukari ana hatari ya TB mara mbili hadi tatu kuliko asiye nayo. Filamu zikiwa mbili, aombwe mtaalamu aziweke bega kwa bega. Ya zamani msiitupe. Na kama anakohoa hata kidogo, makohozi yaende kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Kama hakohoi, muulizeni daktari njia nyingine ya kupata sampuli.

Nimeacha mgongo makusudi, maana ndiyo sehemu ya barua yako iliyonishughulisha zaidi.

Mzee wa miaka 61 kuumwa mgongo si habari. Mzee wa miaka 61 kuumwa mgongo pamoja na homa ya wiki saba, hiyo ni habari, na haipaswi kuitwa uzee mpaka ithibitike. Leo jioni fanya hivi: mlaze kifudifudi au mkalishe ameinama, halafu gonga kwa ngumi nyepesi pingili moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni kushuka kiunoni. Maumivu ya uzee huwa yametawanyika. Pingili yenye maambukizi mara nyingi humfanya aruke ukifika pale pale. Muulize pia kama maumivu humwamsha usiku akiwa amelala tu bila kujigeuza. Ukipata ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mwambie daktari kabla hajaandika fomu yoyote.

TB hupenda uti wa mgongo, hasa pale kifua kinapokutana na kiuno, na inaweza kuteremsha usaha taratibu kwenye msuli wa ndani wa nyonga bila joto wala wekundu kwa nje. Bruselosi hupenda kiuno cha chini. Na hapa ndipo maziwa ya Muheza yanapoingia. Hujasema kama yanachemshwa. Kama shemeji anayakamua asubuhi na kuyaleta na dumu, na baba anayanywa hivyo hivyo, basi tuna homa inayopanda jioni, jasho, kupungua mwili, mgongo, na maziwa mabichi. Huo ni mfululizo ambao mwanafunzi wa udaktari angepewa kwenye mtihani. Sijasema ndiyo ugonjwa wake. Nasema kipimo cha damu cha bruselosi kingetangulia PET kwa umbali mrefu, na hakihitaji kuvuka mpaka. Kuanzia leo maziwa yachemshwe.

Picha ya mgongo ni MRI, ile ya mashine ya sumaku. Eksirei ya kawaida ya mgongo haitoshi hapa, kwa sababu mfupa unapaswa kupoteza karibu theluthi moja ya madini yake au zaidi ndipo tundu lionekane kwenye filamu. MRI huona maji na uvimbe ndani ya pingili na diski mapema zaidi, tena bila mionzi. Kwa wengi wetu huku Tanga MRI maana yake ni safari ya Dar, na kwa mgongo unaouma ukigongwa safari hiyo naiunga mkono bila kusita. Muwe na taarifa kama ana chuma chochote mwilini, kuanzia risasi ya zamani mpaka kifaa cha moyo. Na akianza kulegea miguu, ganzi ya makalio, au kushindwa kuzuia haja, hapo hakuna kusubiri miadi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ikiwa mgongo hauna kitu na damu haijatoa jibu, ndipo tunafika kwenye CT ya kifua, tumbo na nyonga, yenye dawa ya rangi ya kuchoma mshipani. Hiki ndicho kipimo cha karibu kabisa na ule "mwili mzima" wa ndugu yako, na kimeshasogea hadi hospitali nyingi za rufaa za mikoa, kwa hiyo ulizeni Bombo kwanza kama mashine inafanya kazi wiki hii. Bila dawa ya rangi tezi, jipu na utumbo vinachanganyikana, kwa hiyo msikubali kirahisi ifanywe kavu ili tu iishe. Kabla ya dawa hiyo figo zipimwe, na mseme wazi kwamba anatumia metfomini. Kama figo ni nzima kwa kawaida anaendelea nayo. Kama zimedhoofu, husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya figo kupimwa tena, yapata saa 48 baadaye. Mionzi ya CT ya tumbo ni sawa na ile ambayo kila binadamu huipata kutoka kwenye ardhi na anga kwa miaka kama mitatu. Kwa mzee mwenye homa ya wiki saba ni bei ninayoilipa, ila sitaki ailipe mara tatu kwa sababu kila hospitali inataka picha yake. Chukueni CD ya picha, isiwe karatasi ya majibu peke yake.

Moyo nao usisahaulike. Bakteria wanaweza kujenga kwenye vali na kutoa homa ya miezi. Daktari akisikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo, eko, yaani altrasaundi ya moyo, inahitajika, na eko ya juu ya kifua ikikosa kitu huku wasiwasi ukibaki, ipo nyingine inayopimwa kupitia koo. Lakini hapa kalcha ya damu, yaani kuotesha bakteria wa damu maabara, ndiyo mfalme, ichukuliwe zaidi ya mara moja, kabla ya antibiotiki yoyote mpya. Baba ameshatumia mikondo kadhaa ya dawa, na kila mmoja unafuta nyayo za bakteria. Kama hali yake si mbaya, mwombeni daktari aone kama inafaa kusubiri siku kadhaa bila dawa ndipo kalcha ichukuliwe. Na maabara iambiwe kwamba bruselosi inatafutwa, kwanza kwa sababu hukua polepole na chupa isije ikatupwa mapema, pili kwa sababu inaambukiza wanaoishughulikia.

Prednisolone. Hili limenikera, na sikulaumu wewe. Dawa hiyo hushusha homa ya karibu kila kitu kwa siku chache. Nafuu ile haikuwa dalili ya kupona. Inampa TB nafasi ya kusambaa, inapandisha sukari, na ikiwa tatizo ni limfoma inaweza kusinyaza tezi mpaka kinyama kitakachochukuliwa kisisomeke. Picha za PET nazo hufifia. Kwa kuwa alimeza siku chache tu na imekwisha, asimeze tena, na daktari atajiwe tarehe. Kama bado anaendelea nayo bila wewe kujua, asiiache ghafla peke yake, amweleze daktari.

Haya, tuje kwenye PET yenyewe. Mgonjwa huchomwa sukari iliyofungiwa chembe ya florini yenye mionzi. Seli zenye kazi nyingi, za saratani au za askari wa mwili waliokusanyika kwenye uvimbe, huila sukari hiyo kwa wingi, na mashine huona zilipo. Ni kipimo kizuri kwa homa iliyokosa mwelekeo, kwa sababu huonyesha mahali pa kuchoma sindano ambapo hakuna aliyepafikiria: ukuta wa mshipa mkubwa, uboho wa mfupa mmoja, tezi moja nyuma ya kifua. Ila ubongo, figo na kibofu huwaka kwa kila mtu, moyo nao mara nyingi, na metfomini huuwasha utumbo, ndiyo maana vituo vingi huomba iachwe siku mbili kabla, kwa ruhusa ya daktari wa sukari. Lazima afunge kula kwa muda wa saa sita hivi, na sukari ya damu ikizidi takribani 11 kipimo huahirishwa. Fikiria umevuka Horohoro, umelala Mombasa, umefika Nairobi, mnaambiwa sukari ni 17, rudini. Aga Khan ya Nairobi wanacho tangu 2018. Kabla ya kwenda huko daktari wenu awaulize Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wana nini kwa wakati huo. Na damu ipimwe CRP na ESR kwanza, vipimo vya kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Vikiwa vya kawaida kabisa, uwezekano wa PET kutoa jibu hushuka sana, na mimi nisingemshauri mtu auze hata mbuzi.

Kuna hatari nyingine ya picha za mwili mzima isiyosemwa. Katika umri wa baba zitaonyesha tu kitu: kijifuko cha maji kwenye figo, kovu la TB ya zamani, tezi dume iliyokua. Kimoja kati ya hivyo kitaandikwa kwa herufi nzito, familia itakimbizana nacho miezi miwili, na homa ipo pale pale.

Itatokea pia, baada ya yote haya kufanywa vizuri, jibu lisipatikane. Hutokea hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya, na wengi wa wagonjwa wa namna hiyo ambao hali yao si mbaya homa huisha yenyewe. Kinachofanyika ni kumpima tena kuanzia kichwa hadi vidole kila baada ya wiki chache, kwa sababu tezi ambayo haikuwepo mwezi uliopita inaweza kujitokeza shingoni mwezi huu.

Kuhusu mjukuu. Altrasaundi na MRI hazina mionzi kabisa. Eksirei na CT zina mionzi wakati mashine inapiga tu, baba akitoka chumbani hana mionzi ya kumpa mtu. PET ndiyo pekee ambayo dawa yake hubaki mwilini, lakini nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo siku ya kipimo asimpakate mtoto wala kukaa karibu na mjamzito, na kesho yake mambo ni kawaida.

Mionzi siyo inayonipa hofu kwa huyo mtoto. Mzee ana jasho la usiku, amepungua, na TB haijaondolewa kwenye orodha. Mtoto wa mwaka mmoja asilale naye, kuanzia usiku wa leo, mpaka ijulikane. Madirisha ya chumba cha baba yawe wazi. Ikithibitika ni TB ya mapafu, mtoto apelekwe kliniki achunguzwe hata kama anacheza vizuri, maana watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa hupewa dawa za kinga. Na umuulize mama yake: hayo maziwa ya Muheza, na mtoto naye anapewa?